Ubeti wa Kufungua Uwanja

"Mimi nimewaliza wanaume wa masoko saba kwa wimbo mmoja," alisema Ijja, akigonga kokwa ya argani kwa jiwe. "Kuanzia wachunga mbuzi mpaka kadhi." Akagonga nyingine, akatoa kiini, akakitupa kwenye ungo. "Ingawa siku hiyo moshi wa nyama ya kuchoma ulikuwa unawavumia wao, na kadhi macho yalikuwa yanamuuma tangu Ramadhani."

Wanawake waliokaa naye uani wakaangua kicheko. Keltuma, kiongozi wa matari wa kijiji cha Agerd Uzru, alicheka mpaka jiwe likamponyoka. Ijja akawaacha wacheke. Alikuwa bibi kizee wa meno machache na michoro ya kuchanjwa kidevuni, na siku zote alipenda kujicheka mwenyewe kwanza, ili wengine wakifika wakute makombo.

"Na huyo anayekuja," akaendelea, "yeye amemliza nani? Mafundi umeme?"

Huyo anayekuja hakuhitaji kutajwa. Mlima mzima haukuwa na habari nyingine. Tifawt, mwimbaji wa redio, wa televisheni na wa matamasha ya Paris, mjukuu wa marehemu Mamass wa nyumba ya pili, alikuwa anakuja kwenye sikukuu ya kijiji, ile ya kila mwaka lozi zikishavunwa. Tena Bihi, mwenyekiti wa chama cha kijiji, mtu anayevaa tai hata akienda kumwagilia shayiri, alikuwa ameshaanza kunong'ona kwamba mwaka huu ingependeza mgeni ndiye afungue uwanja.

Kufungua uwanja! Ijja alikuwa akifungua uwanja wa Agerd Uzru tangu Keltuma hajaolewa. Wanawake husimama safu mbili, bega kwa bega, matari kimya, na mtu mmoja hutoa ubeti mpya, ubeti ambao hakuna sikio lililowahi kuusikia. Hutoa kichwa chake tu kwanza. Safu hii hukipokea, safu ile hukijibu, hukizungusha mpaka kiwashuke miguuni. Ndipo kiongozi wa matari huinua tari lake na kudai mkia, na aliyetunga hutoa mkia aliokuwa ameuficha. Mkia ukifaa, ngoma inaanza, na aliyefungua ndiye mwenye uwanja mwaka mzima: harusi zinamwita yeye, kisimani anapishwa, hata mkwe wake mkorofi anamwamkia kwanza. Ukileta ubeti uliokwisha kusikika, matari yanawekwa chini na watu wanakwenda kula. Ilishampata mama mmoja wa upande wa bondeni, na mpaka leo wajukuu zake wanaitwa Viporo.

Ijja aliifuata kazi ya Tifawt kama mtu anavyolifuata jino bovu kwa ulimi, kila saa, akijua litamuuma. Hakuna alichokuwa hakijui.

Kwanza, hakuwa Tifawt. Alizaliwa Agadir, ghorofa ya tatu, binti wa muuza unga wa jumla, akaitwa Ilham. Alisoma kwa Kifaransa, akaota kwa Kifaransa, na maneno ya kwetu aliyachota jikoni kwa mtumishi. Alipofika chuo kikuu alinunua gitaa akaanza kuimba juu ya mvua. Hakuna aliyejali, maana Wafaransa wana mvua yao wenyewe ya kutosha. Akaimba juu ya upweke. Wana upweke pia. Ndipo siku moja, Mungu mkubwa, akagundua kwamba alikuwa na bibi.

Kuanzia hapo nyota yake ikang'aa. Gitaa likaenda chini ya kitanda, gambusi likatoka. Ilham akafa, akazaliwa Tifawt, yaani mwanga. Kidevu akakichora kwa wanja. Ijja aliiona michoro hiyo kwenye televisheni ya kina Bihi, akasogea karibu na kioo mpaka wenyeji wakamwambia awapishe.

"Huo mchoro ni wa watu wa nyuma ya mlima," aliwaambia. "Tena ni wa mjane. Huyu mtoto ameshamzika mume gani?"

Juma lililofuata mchoro ulikuwa umehamia upande wa kushoto.

Kanda yake ya kwanza aliiita *Lozi*. Ya pili *Jiwe*. Ya tatu *Maji*. "Ya nne ataiita *Mbuzi*," alisema Ijja, "akishaonyeshwa ni yupi." Wimbo uliompeleka Paris ulimhusu msichana anayetoka kisimani huku mtungi ukimwimbia begani. Wazungu walisimama wakapiga makofi. Ijja alipousikia aliuliza mtungi gani huo. Mtungi hubebwa mgongoni, kwa kamba, na hauimbi. Unavuja, na maji yanakuingia mpaka unapojua mwenyewe.

Redioni alisimulia jinsi alivyolala kwenye kaburi la walii wetu, na jinsi walii alivyomjia ndotoni akamlisha kuskusi kwa mkono wake, kila punje ikawa wimbo. Hilo Ijja hakulipinga. Kila mwimbaji wa milimani husema hivyo, hata yeye alilisema ujanani, na asiyelisema haalikwi. Kilichomkera ni kwamba Tifawt alitaja zabibu kavu.

"Zabibu kavu! Walii aliyeishi kwa shayiri na maji ya mfereji, zabibu kavu amezitoa wapi? Amefungua hoteli huko aliko?"

Lakini hayo yote angeyasamehe. Asichoweza kukimeza ni kile ambacho Tifawt alikisema kila alipowekewa kipaza sauti mbele yake: "Nyimbo zangu nimezirithi kwa bibi yangu Mamass, sauti ya mlima."

Mamass! Mungu amrehemu, alikuwa jirani mwema, mkono wake mtamu kwa mikate, lakini akifungua mdomo kuimba mbwa walihama. Sauti yake ilikuwa mlango wa ghala. Ijja ndiye aliyemwambia, walipokuwa wasichana wote wawili: "Shoga, simama nasi, piga makofi, chezesha midomo. Ila sauti usiitie." Mamass hakuitia tena. Si uwanjani, si harusini, si hata kwa kubembeleza mtoto, mpaka anazikwa.

"Nilifanya kwa ajili ya umma," Ijja alikuwa akisema, na wanawake wakimcheka.

Sasa kulikuwa na jambo moja ambalo Ijja hakulisema mbele ya wanawake, wala mbele ya Keltuma, wala kwenye sala yake. Beti zilikuwa zimemkauka. Ule wa mwaka jana ulimtoka kwa shida kama kumshusha punda darini. Mwaka huu hata huyo punda hakuonekana. Alikuwa akikaa kwenye kokwa zake, anatafuta neno, na neno likija anakuta alishalitumia. Analigeuza, na nyuma pia alishalitumia. Sikukuu ilikuwa inakaribia. Asipokuwa na ubeti, uwanja utakwenda kwa mtoto wa wanja, na yeye atabaki mzee wa kupewa kiti.

Bihi alikuja kunywa chai kabla sikukuu haijafika. Aliketi kwenye ukingo wa mkeka, tai ikimning'inia kwenye kikombe.

"Lalla Ijja," akaanza, kwa lile neno la kumheshimu mama mkubwa, "chai yako haina mfano."

"Haina nanaa pia. Sema kilichokuleta."

"Wageni wanakuja. Watu wa televisheni. Kijiji chetu kitaonekana mpaka Ulaya."

"Ulaya watulie tu, tutawapitia."

"Basi chama kimeonelea, kwa heshima yako, mwaka huu upumzike."

"Nipumzike nini, Bihi? Nimekufa?"

"Mungu aepushe! Nasema tu, goti lako..."

"Naimba kwa goti?"

Bihi akajifuta jasho. "Tifawt ni jina kubwa, Lalla Ijja. Na ni mjukuu wa hapa."

"Hata kupe wa ng'ombe wangu ni mjukuu wa hapa. Sikiliza, mwanangu. Mimi ni mkubwa, nitasimama kwanza nitoe ubeti wangu. Uwanja ukinikataa, na atoe yeye wake, na televisheni zenu ziwe mashahidi. Umesikia?"

Bihi alisikia, akaondoka upesi kabla bibi hajageuza nia. Mlango ulipofungwa ndipo Ijja alipotambua kwamba ametupa neno mbele ya mwenyekiti bila kuwa na ubeti hata wa kumtisha kuku.

Kesho yake, mchana kweupe, alipanda mwenyewe mpaka kwa walii. Alipumzika njiani kila palipokuwa na jiwe. Alijilaza kwenye mkeka karibu na kaburi, akafumba macho, akangoja kuskusi. Alipopitiwa na usingizi aliota mbuzi wake anakula ushungi wake, polepole, tena akimtazama machoni. Hakukuwa na kingine. Aliamka mgongo umekauka, akamwambia walii kwamba kwa wengine amekuwa akitoa zabibu kavu, akateremka.

Tifawt alifika siku moja kabla ya sikukuu, kwenye gari la vumbi, na mafundi wake wa sauti. Alivaa vito vya fedha vya maharusi watatu, vyote kwa pamoja, akitembea kama mlango wenye makufuli. Alipewa nyumba ya bibi yake, iliyokuwa tupu tangu mazishi, ukuta mmoja na Ijja. Hakukaa sana kabla ya kubisha hodi. Keltuma alikuwepo.

"Lalla Ijja! Nimekusikia tangu mtoto. Nipe mkono niubusu."

"Busu, mwanangu. Una mavi ya mbuzi kidogo, lakini busu."

Akaubusu hivyohivyo. Halafu akatoa kifurushi cha karatasi laini. "Nimekuletea sabuni. Ni nzuri sana kwa mikono iliyochoka. Ina mafuta ya argani."

Ijja aliinusa, akampitishia Keltuma, naye akainusa.

"Argani," alisema Ijja. "Ndiyo nini hiyo?"

Na msichana akaanza kumweleza! Akaeleza mti, akaeleza miiba, akaeleza jinsi akina mama wa milimani wanavyokaa kutwa kuvunja kokwa kwa jiwe. Akafika mpaka kwenye faida za ngozi. Keltuma alitoka nje ghafla, akasikika akikohoa ukutani. Ndipo Tifawt alipotazama chini, akaona jiwe, akaona ungo umejaa viini, akaona maganda yaliyorundikana mpaka dirishani. Uso ukamwiva. Halafu akacheka, kicheko kikubwa cha tumboni, akijipiga paji la uso.

Kicheko hicho kilimuudhi Ijja kuliko sabuni. Kilikuwa kicheko kizuri.

"Jasho limekutoka, mwanangu," akamwambia. "Mume wako wa kidevuni anafutika tena."

"Ah, nitamchora mwingine." Tifawt alijipangusa kwa kiganja. "Bibi alikuwa akikutaja sana, Lalla Ijja."

"Alikuwa akisema nini?"

"Kwamba wewe ndiye uliyemfundisha kusikiliza."

Ijja alifurahi. Alikuwa ameshamimina chai ya pili ndipo furaha ile ilipoanza kumkereketa kooni kama mwiba wa samaki, asijue ni kwa nini.

"Na kesho?" akauliza. "Umetuletea nini? Ule wa mtungi?"

"Kesho nitaona. Ukinishinda, nitapiga makofi."

"Utayapiga wapi? Kwenye mkono usio na bangili?"

Keltuma alirudi ndani, macho mekundu. "Muache mtoto, we Ijja. Mpe mkate."

Asubuhi ya sikukuu msichana alichukuliwa na gari kwenda mjini Tafraout kuwapokea watu wa televisheni, akarudi adhuhuri. Baada ya chakula kijiji kizima kilijilaza. Hata kuku walilala. Ijja alilala upande wa ukuta, macho wazi, hana ubeti. Ukutani, juu ya kichwa chake, kulikuwa na tundu la hewa alilokuwa akiongelea na Mamass siku za baridi, wakiulizana chumvi. Akasikia maji yakimwagwa upande wa pili. Msichana alikuwa anaosha nywele. Akamsikia anaguna, halafu anaimba, chini chini, kwa kujaribu.

Ijja aliinuka akaweka sikio tunduni. Nia yake, Mungu shahidi, ilikuwa acheke.

*Uwanja nifungulie, nina sauti si yangu,*
*mwenyewe asiitoe, ikarithi koo langu.*

Maji yakamwagwa. Akaurudia, akibadilisha pumzi tu, mahali pa kukata. Hapakuwa na lozi mle. Hapakuwa na mtungi, wala jiwe, wala mbuzi. Kisha mtu akagonga mlango upande ule, fundi mmoja akiulizia waya, na sauti ikakatika.

Ijja aliketi kitandani. Ubeti ulikuwa mzuri, na alikasirika hivi kwamba alitaka kuubishia hodi ukuta. Ubeti kama ule unatafuta nini kwenye kinywa kama kile? Ni kama kumkuta farasi amefungwa kwenye banda la kuku. Msichana huyu, aliyeuza mlima kwa kilo, aliyejichora ujane, ataupeleka Paris, watausikia watu wasioelewa hata neno moja, watapiga makofi kwa ajili ya bangili. Ni dhuluma. Mtu mwenye uchungu na kijiji chake angefanya nini? Na ukitazama vizuri, maneno yenyewe ni ya nani? Uwanja ni wa kijiji. Koo kila mtu analo. Na ule ukuta nusu yake ni ya Ijja, mumewe aliujenga kwa mikono yake, na kilichopita kwenye nusu yake kimepita kwake.

Alipofika hapo moyo ukatulia kabisa. Akaurudia ubeti mara mbili, ukamkaa mdomoni kama meno yake ya zamani. Mkia hakuwa nao. Lakini mkia hakuwahi kuuhangaikia maishani mwake. Siku zote ulikuwa ukimjia uwanjani, joto likipanda.

Alasiri safu zilisimama. Watu walijaa mpaka juu ya mapaa, watoto wakaning'inia kwenye ukuta wa uwanja, wenye kamera wakachuchumaa mbele. Bihi alisimama katikati na tai mpya, akasema maneno mengi ambayo hayakumzuia mtu kuongea na jirani yake. Tifawt alikuwa ameomba kusimama na wanawake. Walimweka mwishoni mwa safu ya pili, na mtu alikuwa amemvua nusu ya bangili zake, angalau.

Ijja akatoka mbele. Hakutazama upande ule. Alivuta ushungi, akaweka kiganja sikioni, akatoa.

*Uwanja nifungulie, nina sauti si yangu,*
*mwenyewe asiitoe, ikarithi koo langu.*

Kimya kilichofuata alikijua. Alikuwa hajakisikia kwa miaka. Ni kile kimya cha watu wanaoona haya kumeza mate. Halafu safu ya kwanza ikakipokea kile kichwa, nusu sauti, kama wanaopokeana mtoto mchanga, na safu ya pili ikakijibu. Juu ya paa mzee mmoja akapiga yowe la furaha. "Ijja bado yupo!" mtu akasema. "Nani aliyesema ameisha?" Bihi, ambaye ndiye aliyesema, alikuwa anapiga makofi kuliko wote.

Ijja akatazama sasa, kidogo, kwa pembe ya jicho. Tifawt alikuwa kwenye safu, anayumba na wenzake, midomo inacheza. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia jina lake linaitwa mbali, hajaamini. Hakupiga kelele. Hakutoka mstarini. Ungetarajia nini? Watu kama hao hawana hata ujasiri wa kuibiwa.

Safu zikazunguka na kichwa. Sauti si yangu, wakaimba hawa. Sauti si yangu, wakajibu wale. Vinywa vyote vya Agerd Uzru vikamrudishia Ijja usoni, mara hii na mara ile, na kila waliporudia neno lile likawa zito zaidi kulipokea. Miguu ikaanza kushuka pamoja. Joto likapanda. Ijja akangoja mkia uje.

Akangoja.

Alitafuta pale ulipokuwa ukitokea siku zote, nyuma kidogo ya pumzi. Palikuwa na mbuzi na ushungi.

Keltuma akainua tari. Safu zikanyamaza kwa mpigo mmoja.

"Mkia, Ijja!"

Ijja akakohoa. Akarekebisha ushungi. Akainua kiganja mpaka sikioni, akakishusha.

"Mkia!" wakaitikia wanawake, wakicheka kwa hamu, wakidhani anawatania, maana ilikuwa tabia yake.

Ndipo ilipotoka sauti mwishoni mwa safu ya pili. Haikuwa sauti ya redioni. Ilikuwa nyembamba, kavu kidogo, na mwanzoni hata hawakujua ni ya nani.

*Sauti usiitie, walisema, bibi yangu;*
*leo wote wasikie, uloyameza ni yangu.*

Wale wazee waliomjua Mamass, waliosimama naye wakamwona akichezesha midomo maisha yake yote, waligeuka wakatazamana. Mmoja akashika mdomo. Safu ziliupokea mkia zenyewe, bila kuambiwa, kwa sababu ulikaa kwenye kile kichwa kama mguu unavyokaa kwenye kiatu chake, na miguu ikaupiga uwanja mpaka vumbi likasimama.

Keltuma hakuligonga tari. Alilishikilia juu mpaka wakanyamaza, akamtazama mmoja, akamtazama wa pili.

"Huu ubeti una wenyewe wangapi?"

Ijja hakuwa mtu wa kukosa neno, ubeti ni jambo lingine. "Wawili!" akasema, akifungua mikono. "Mnashangaa nini? Ni ubeti wangu. Mkia nimempa mtoto makusudi. Nilikaa naye leo asubuhi, nyumbani kwangu, tukinywa chai, nikamfundisha neno kwa neno. Nikasema mwaka huu tufungue wawili, mkubwa na mdogo, Ulaya waone adabu zetu."

Bihi alikaribia kulia kwa furaha. Wenye kamera wakamgeukia msichana.

"Kweli, mwanangu?" Keltuma akamuuliza. "Amekufundisha yeye?"

Tifawt alimtazama Ijja. Alimtazama vizuri, bila haraka, na Ijja akaona kona ya ule mdomo inaanza kucheza.

"Kweli kabisa," akasema Tifawt, kwa sauti yake ya redioni sasa. "Nimefundishwa na Lalla Ijja mwenyewe, uso kwa uso, kama alivyofundishwa bibi yangu. Siku zote nitasema hivyo."

Wanawake wakapiga vigelegele. Ijja alihisi damu inampanda. Mwizi mkubwa we! Hata uongo wa mwenzake ameshauiba, ukiwa bado wa moto, na kesho utakuwa redioni.

Lakini Keltuma alikuwa hajalishusha tari. "Leo asubuhi," akasema polepole, "si ndipo gari lilimpeleka Tafraout?"

"Alfajiri," akasema Ijja haraka. "Kabla ya gari."

"Haya. Vizuri sana. Alfajiri." Keltuma akageukia safu. "Mama zangu, mkia umetupita mbio, wa nyuma hawakuushika. Mwalimu yupo. Ijja, turudishie mkia tuanze ngoma."

Hata watoto wa ukutani walitulia. Ijja aliusikia mkia ule mara moja tu, na wakati ule masikio yake yalikuwa yamejaa hasira. Aliweka kiganja sikioni. Akafumba macho kama mtu anayevuta kitu kutoka mbali. Tifawt, mwishoni mwa safu, alichezesha midomo kumsaidia, bila sauti. Lakini Ijja hangemtazama yule mtoto mdomoni hata kama roho ingemtoka.

Akafungua kinywa.

"*Uwanja nifungulie,*" akaimba, "*nina sauti si...*"

"Hicho ni kichwa, shoga," alisema Keltuma. "Tumekuomba mkia."